Diski Iliyogoma na Sauti za Wazee wa Kau

Imeenea dhana miongoni mwa wasomi na wasio wasomi kwamba jambo likishatiwa ndani ya kompyuta limehifadhiwa. Dhana hiyo haina msingi. Mwaka 1895 mmisionari Mjerumani Ferdinand Würtz, aliyefanya kazi miongoni mwa Wapokomo wa Mto Tana, alichapisha kamusi ya Kitikuu na Kipokomo. Atakayeishika nakala yake leo ataisoma bila taabu, maadamu anakijua Kijerumani. Diski ya nje iliyonunuliwa Mombasa miaka mitano tu iliyopita, kinyume chake, yaweza kugoma asubuhi moja pasipo onyo lolote, na kazi yote iliyomo ikabaki kama shehena katika jahazi lililozama: ipo, lakini haifikiki.

Nayasema haya kwa sababu ya Kau. Kwa msomaji asiyepajua, Kau ni kijiji cha Delta ya Tana, katika eneo la Garsen, jirani ya Ozi na Kipini. Katika karne ya 19, zama za Usultani wa Witu, palikuwa mji wa biashara ya mtoni. Kiswahili na Kipokomo vimekuwa majirani katika nchi hiyo kwa karne nyingi, na Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika utafiti wao mkubwa uliotoka mwaka 1993, waliziweka lugha hizo mbili katika kundi moja la Sabaki pamoja na Kimijikenda, Kielwana na lugha za Ngazija. Kwetu sisi wanaisimu, mzee aliyelima mpunga na kuvua katika delta hiyo umri wake wote ni shahidi ambaye hapatikani kwingine. Kumbuka pia, mpenzi msomaji, kwamba lahani ya wimbo wetu wa taifa ilitokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto. Ulihifadhiwa vinywani mwa akina mama.

Vijana kadhaa wa Kau walikuwa wamerekodi sauti za wazee wao: hadithi, nyimbo za arusi, majina ya samaki na ya aina za mpunga, na habari za mafuriko ya zamani. Kila kilichorekodiwa kwa simu kilihamishiwa katika diski moja, kisha kikafutwa simuni ili nafasi ipatikane. Siku moja diski ilipochomekwa, kompyuta ikaleta ujumbe kwamba haina budi kufomatiwa kabla ya kutumika. Fundi mmoja alikuwa tayari kuutii ujumbe huo. Vijana wakasita, na kwa kusita kwao ndiyo maana leo kuna la kuandika. Wakaipandisha diski boti, kisha matatu, hadi ikanifikia.

Diski isiyofunguka si lazima iwe imekufa. Kama tabibu anavyouliza kabla ya kutibu, yatupasa kwanza tujue ni kiungo gani kinachouma, kwani ndani ya kile kijisanduku mna vitu kadhaa vinavyoweza kuharibika kila kimoja peke yake: waya, tundu, saketi inayounganisha diski na USB, injini inayozungusha sahani, kichwa cha kusomea, na mwisho orodha inayoonyesha faili gani imelala wapi.

Mwenye kuanza na waya hatajuta. Waya za diski hizi huchakaa mapema, hasa zinapokunjwa kila siku mifukoni, na waya iliyochoka yaweza kupitisha umeme wa kuwasha taa bila kupitisha habari. Ijaribu nyingine, kisha tundu jingine, kisha kompyuta nyingine. Kiunganishi cha kugawa matundu kiepukwe, maana tundu la USB la kawaida la zamani hutoa miliampia 500 tu, na diski yenye kiu hushindwa kuzunguka kwa kiasi hicho ikigawana na wengine. Panapotegemewa umeme wa jua, kama katika vijiji vingi vya delta, ni busara kuingoja betri ijae kabla ya kuihukumu diski.

Kisha isikilize. Diski iliyo nzima huvuma kwa upole. Ikiwa inagota, tik, tik, tik, kwa mfululizo, kichwa cha kusomea kimeumia na kila dakika inayoendelea kuwaka yaweza kuikwaruza sahani. Izimwe papo hapo. Hapo hakuna programu itakayosaidia, na kuifungua mezani ni kuimaliza, kwa sababu kichwa hicho huelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko upana wa chembe ya moshi wa sigara. Hali ni hiyo hiyo kwa diski iliyonyeshewa au kuzama katika mafuriko: isiwashwe, wala isianikwe juani. Kuna wanaoifukia ndani ya mchele. Mchele wa Tana ni mtamu, lakini haujaponya diski.

Ikiwa inavuma vizuri na bado haionekani, itazame katika programu ya kusimamia diski iliyomo ndani ya Windows. Mara nyingine diski ipo hapo, ila imekosa herufi ya kuitambulisha, nayo ikipewa herufi hufunguka mara moja. Mara nyingine ilitayarishwa kwa kompyuta za Apple, na Windows haiwezi kuusoma mfumo wake wa faili. Mwenye diski hudhani imeharibika ilhali imekutana tu na asiyejua lugha yake. Aidha yawezekana ilifungwa kwa ufunguo wa siri. Katika BitLocker ufunguo wa akiba una tarakimu 48, na aliyeupoteza asitarajie muujiza kwa fundi yeyote. Wengine hupendekeza kuichomoa diski katika kasha lake na kuitia katika jingine. Huenda hilo likafaa, lakini siku hizi baadhi ya diski zina tundu la USB lililochomelewa kwenye saketi yake yenyewe, na nyingine huficha maandishi kwa siri iliyomo katika saketi ya kasha. Tusikimbilie bisibisi.

Diski ya Kau haikugota, wala waya yake haikuwa na kasoro. Iliharibika orodha. Wakazi wa delta hawahitaji maelezo marefu kulifahamu jambo hili, kwani wanajua kwamba Mto Tana wenyewe ulihama, ukauacha mdomo wake wa kale na kuufuata mkondo wa Ozi hadi Kipini baada ya mfereji wa Belezoni kuiunganisha mito hiyo. Maji hayakutoweka, bali njia ndiyo iliyobadilika. Faili nazo zilikuwa zingali zimelala pale pale, ila kompyuta haikuwa na ramani ya kuzifikia, ikasema diski ni tupu na kuomba ruhusa ya kuanza upya. Kuikubalia ni kuandika ramani mpya juu ya ya kale. Hata ile amri ya Windows ya kurekebisha diski, ambayo wengi huikimbilia, huandika juu ya diski hiyo hiyo iliyo mgonjwa, na yaweza kufuta kilichokuwa bado kinaokoleka.

Kilichofanyika kwanza, basi, kilikuwa kunakili diski nzima, kipande kwa kipande, katika diski nyingine isiyopungua ukubwa wake. Tulitumia ddrescue, programu itolewayo bure, ambayo huchukua kwanza sehemu nzima na kuzirudia zenye matatizo baadaye. Kazi ilichukua usiku kucha na mchana wake. Diski ya asili ikawekwa kando, na juhudi zote zikahamia kwenye nakala. TestDisk, nayo ni ya bure, ilishindwa kuijenga upya ramani. Ikabaki PhotoRec, ambayo haihitaji ramani kwa kuwa huitambua kila faili kwa alama za mwanzo wake. Sauti nyingi zikarudi.

Zilirudi bila majina, na hili mafundi hulipita haraka ilhali kwa mwanaisimu ndiyo hasara kubwa. PhotoRec huokoa mwili wa faili na kuuacha utambulisho wake. Pale palipokuwa na jina la mzee, kijiji chake na tarehe, sasa palikuwa na herufi moja na mlolongo wa tarakimu. Bikizee anasimulia jinsi mpunga unavyohamwa dhidi ya ndege, kwa matamshi ambayo ningetaka kuyaandikia makala nzima. Lakini ni nani? Alizaliwa Kau au aliolewa kutoka Ozi? Lugha ya nyumbani kwao ilikuwa ipi? Bila majibu hayo, matamshi yake hayawezi kuthibitisha lolote kuhusu historia ya lugha.

Ikabidi sauti zirudishwe kijijini, zikasikilizwe na walio hai. Wajukuu waliwatambua bibi zao kwa kikohozi, wavuvi wakatambuana kwa mizaha. Wengine walitambuliwa baada ya mabishano. Rekodi kumi na moja hakuna aliyezitambua, na kati ya wazee waliorekodiwa, wapo ambao hawawezi kuulizwa tena.

Lawama yangu iko kwetu sisi watafiti kama jamii. Tumekuwa hodari wa kuchukua. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo, imekuwa mali ya Makumbusho ya Uingereza tangu 1908, na watu wa Tana wanalilia kurudishiwa. Sauti zikipelekwa Nairobi au ng'ambo, huku kijijini pakiachwa diski moja ya bei nafuu au pasiachwe kitu, tofauti si kubwa. Wenyewe hawawezi kukifikia kilicho chao. Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, aliinakili kwa mkono tungo za kale na kuwapatia wataalamu kama Alice Werner na Ernst Dammann, na kwa sababu hiyo baadhi ya tungo hizo zinasomeka leo London na Hamburg. Kalamu yake ilikuwa polepole kuliko kompyuta, lakini hakuridhika na nakala moja.

Kwa sauti za Kau tumekubaliana hivi. Nakala moja ibaki kijijini, ya pili chuoni, na ya tatu ipelekwe Mombasa, katika taasisi ya utafiti wa Kiswahili iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa. Kila nakala ichomekwe na kusikilizwa walau mara mbili kwa mwaka. Mwanzoni mwa kila rekodi msemaji ajitaje kwa kinywa chake: jina, kwao, na mwaka. Na pamoja na kila diski pawe na daftari la karatasi lenye habari hizo hizo, limeandikwa kwa wino. La Kau limekwisha kununuliwa, na kurasa zake za kwanza zimeachwa wazi kwa ajili ya zile kumi na moja.