Mbona mtoto anaungua na losheni amepakwa?

“Daktari, losheni ya jua nampaka kila siku, mbona bado anaungua?” Hili ni swali ninaloulizwa mara kwa mara kliniki na wazazi wa watoto wenye ualbino. Wengi wanapouliza huwa wameshaamua kwamba losheni ni feki. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi zaidi losheni ni nzima, ila inapakwa kidogo, inapakwa mara moja tu, au imeachiwa kazi yote peke yake.

Mtoto mwenye ualbino ana melanini kidogo sana, au hana kabisa. Melanini ndiyo rangi inayoikinga ngozi dhidi ya mionzi ya urujuanimno. Bila hiyo, jua la dakika chache linatosha kumuunguza, na kila kuungua kunaacha madhara ndani ya ngozi. Madhara hayo hujikusanya mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana tunaona saratani ya ngozi kwa vijana wenye ualbino, katika umri ambao wenzao hawajui hata kama ugonjwa huo upo. Habari njema ni kwamba saratani hii kwa kiasi kikubwa inazuilika, na kazi ya kuizuia inaanza utotoni.

Soma maandishi kabla ya kununua

Kwanza tazama namba ya SPF. Chagua 30 au zaidi. SPF 30 ikipakwa vizuri huzuia takriban asilimia 97 ya mionzi inayounguza, na SPF 50 huzuia takriban asilimia 98. Tofauti ni ndogo, hivyo usijione umeshindwa kwa sababu ya 50 ni ghali. SPF 30 iliyopakwa ya kutosha inakinga kuliko SPF 50 iliyopakwa kwa kubania.

Pili, SPF inaeleza zaidi mionzi ya UVB, ile inayounguza. Ipo pia mionzi ya UVA, inayoingia ndani zaidi ya ngozi na kupita hata kwenye kioo cha dirisha. Tafuta chupa yenye maneno “broad spectrum” au herufi UVA ndani ya duara.

Tatu, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya kikopo kilicho wazi. Ikiandikwa 12M, maana yake itumike ndani ya miezi 12 tangu kufunguliwa. Losheni iliyoanikwa juani dukani, au iliyojitenga maji na mafuta, iache hukohuko.

Kwa ngozi inayowasha haraka, zenye zinki oksidi au titani dioksidi huvumilika zaidi, ingawa huacha weupe kidogo. Epuka zenye manukato. Mafuta ya nazi na mafuta ya mgando yanalainisha ngozi, lakini si kinga ya jua. Krimu za kung’arisha ngozi ni hatari zaidi, kwa kuwa nyingine zina dawa zinazoidhoofisha ngozi na kuifanya iumizwe na jua upesi.

Pima kwa kijiko cha chai

Namba ya SPF hupimwa maabara kwa kupaka losheni nyingi kuliko wengi wetu tunavyopaka nyumbani. Ukipaka nusu ya kiasi hicho, kinga inashuka sana. Kwa mtu mzima, uso, masikio na shingo vinahitaji kijiko kimoja cha chai. Kila mkono, kuanzia bega hadi vidole, unahitaji kijiko kimoja, na kila mguu vijiko viwili. Kwa mtoto wa shule ya msingi anza na karibu nusu ya vipimo hivyo.

Sasa tupige hesabu. Mtoto aliyevaa shati la mikono mifupi anahitaji takriban mililita 7 kwa uso, masikio, shingo na mikono yote miwili. Akipakwa mara mbili kwa siku, chupa ya mililita 100 inaisha ndani ya wiki moja. Kwa hiyo kama chupa ya namna hiyo imekaa miezi mitatu nyumbani kwako, jibu la swali lako limepatikana.

Mpake dakika 15 hadi 30 kabla hajatoka, kisha arudie kila baada ya saa mbili akiwa nje, na kila anapotoka jasho sana au kunawa. Usisahau nyuma ya masikio, kisogo, midomo na mgongo wa kiganja. Sehemu hizi husahaulika, na masikio, midomo na shingo ni kati ya maeneo ambako saratani hujitokeza sana.

Nguo kwanza, losheni baadaye

Najua unachowaza: chupa kila wiki nitaitoa wapi? Ni hoja ya haki. Ndiyo maana nasema nguo ndiyo kinga ya kwanza. Shati la mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, kitambaa kizito kisichopitisha mwanga, na kofia ya pama yenye ukingo mpana pande zote. Kapelo haitoshi, inaacha masikio na kisogo wazi. Mtoto akivaa hivyo, losheni inabaki kuwa ya uso, masikio, shingo na viganja tu, na chupa ileile inadumu muda mrefu zaidi.

Jua hufikia ukali wake kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Ongea na mwalimu wa darasa: mtoto asimame kivulini wakati wa mstarini, apangiwe kazi za ndani badala ya bustani, akae mbali na dirisha linalopigwa na jua, na aruhusiwe kofia na mikono mirefu hata kama sare ya shule ni tofauti. Mawingu yasikudanganye, wala baridi ya Njombe au Lushoto. Kadiri unavyopanda milimani mionzi inaongezeka, takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000.

Kwa mtoto wa chini ya miezi sita, tegemea kivuli na nguo, si losheni.

Uliza kliniki pia. Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo Hospitali ya KCMC, inatengenezwa losheni iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, na hugawiwa bure kupitia kliniki za ngozi. Ukienda kliniki unapata mambo mawili: losheni, na mtu wa kuikagua ngozi ya mtoto.

Si ualbino tu

Wenye lupus nao huumizwa na jua. Vilevile baadhi ya dawa, kama doksisaiklini na baadhi ya dawa za presha, huifanya ngozi iungue upesi. Ukiona umeanza kuungua baada ya kuanza dawa, usiiache mwenyewe. Rudi kwa aliyekuandikia.

Lini uje hospitali

Mara moja kwa mwezi, mkague mtoto mwili mzima penye mwanga mzuri. Madoa ya kahawia ni ya kawaida kwa wengi wenye ualbino. Usiyoyavumilia ni haya: kigaga kigumu kinachobanduka na kurudi palepale, kidonda kisichopona kwa wiki nne, kinyama kinachoota na kukua, au sehemu inayotoa damu ikiguswa. Kigaga kikiwahiwa, mara nyingi hugandishwa kwa naitrojeni baridi na mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kikiachwa mwaka, tunaweza kuwa tunazungumzia upasuaji mkubwa na mionzi.

Kama kidonda cha namna hiyo kipo leo nyuma ya sikio la mwanao, usikipake losheni ukisubiri kipone. Mlete.