Vijana wa Kenya kati ya Barabara na Debe la Kura

Katiba ya Kenya ya 2010 inamhesabu kijana kuwa mtu aliyetimiza miaka 18 ila hajafikisha 35. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022, sajili ya wapiga kura ilipanda hadi watu milioni 22.1, lakini vijana waliomo walipungua kwa zaidi ya asilimia 5 wakilinganishwa na wa 2017. Oktoba 2021 Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) ilikuwa imelenga kusajili wapya milioni 6 katika mwezi mmoja. Waliojitokeza hawakufika milioni 2.

Wengi walisema vijana hawajali siasa. Juni 2024 ilionyesha kwamba hukumu hiyo ilikuwa ya pupa. Mswada wa Fedha, maandishi ya mapendekezo ya kodi ambayo kwa kawaida husomwa na mawakili na wahasibu, ulichambuliwa kifungu kwa kifungu kwenye TikTok na X na kufasiriwa kwa lugha za mama. Wabunge walifurikiwa na simu na jumbe. Michango ya kuwatibu majeruhi wa maandamano ya kuupinga mswada huo ilipitia M-Pesa. Waandamanaji walijitambulisha kuwa watu wasio na kabila, chama wala kiongozi, tamko zito katika nchi ambako kura kwa miaka mingi imehesabiwa kwa ngome za kikabila. Juni 25 waliingia Bungeni. Kesho yake Rais William Ruto alikataa kuutia mswada saini. Makumi ya watu waliuawa katika maandamano hayo, na hakuna ushindi unaofuta msiba huo.

Maandamano yaliuzuia mswada, lakini wabunge walioupitisha walibaki vitini. Kifungu cha 104 cha Katiba kinaruhusu mbunge aondolewe kabla ya muhula kuisha, ila IEBC, ambayo ingesimamia shughuli hiyo, haikuwa na makamishna kuanzia Januari 2023 hadi Julai 2025. Hata chaguzi ndogo zilikwama. Kwa hiyo kijana aliyetaka kutumia kura wakati ule alikuta mlango umefungwa.

Usajili wa wapiga kura ulirejea Septemba 29, 2025, katika ofisi za maeneo bunge. Anayejisajili hufika mwenyewe, akiwa na kitambulisho cha kitaifa au pasipoti, na kuchukuliwa alama za vidole. Waliokuwa na miaka 15 wakati wa maandamano watakuwa wametimiza 18 ifikapo uchaguzi wa Agosti 2027. Asiyepata kitambulisho wala pasipoti mapema hatakuwemo kwenye sajili.