Bawaba za Boneti Zikishikwa na Kutu



Kila mara tunazungumza juu ya mashine zisizo na kinga. Leo tunataka kueleza kitu kidogo kinachosahauliwa: bawaba za boneti na fimbo inayoitegemeza. Mwenzetu mmoja aliinama kukaza mkanda wa feni wa Land Rover kuukuu. Fimbo iliyoliwa na kutu ikavunjika. Boneti, pamoja na gurudumu la akiba lililofungwa juu yake, ikamwangukia. Vidole viwili vilivunjika. Kazi ya kuzuia ajali ile isingechukua zaidi ya siku mbili.

Sisi tulio Nchelenge na Kashikishi tunaijua kutu. Maji ya Ziwa Mweru ni baridi, hayana chumvi, lakini mkoa wetu wa Luapula hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Tena magari hubeba samaki waliotiwa chumvi. Chuma kikikutana na maji na hewa hufanya kutu, na chumvi huharakisha kazi hiyo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe; ndiyo maana pini ya bawaba hukwama tunduni. Mtu akiilazimisha boneti, bawaba hupinda au hukatika.

Land Rover za zamani, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1948, zina shida ya pili. Bodi yake ni ya alumini, bawaba ni za chuma. Metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, alumini huliwa na kutoa unga mweupe. Basi tufanye hivi:

1. Ondoa gurudumu la akiba. Usiiamini fimbo: tegemeza boneti kwa gogo imara, na mwenzako aishike.

2. Tia dizeli au mafuta mepesi kwenye pini, uache usiku kucha. Usipige nyundo kwa hasira. Asubuhi toa koteri pini na washa, kisha watu wawili wainue boneti na kuitoa.

3. Sugua bawaba na fimbo kwa brashi ya waya, halafu kwa msasa. Vaa miwani na ufunge pua na mdomo, maana rangi ya zamani huweza kuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu.

4. Choma penye kutu kwa bisibisi. Ikipenya, chuma kimekwisha, rangi haitakiponya. Tundu likiwa limepanuka kama yai, au pini imekonda, badilisha, ama umpe fundi wa kuchomea ajaze na kutoboa upya. Chuma kilichopakwa zinki kisafishwe kwanza na kichomewe mahali penye upepo, kwa kuwa moshi wake huleta homa.

5. Paka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, kabla unyevu wa usiku haujafika. Ikikauka, paka rangi ya juu mara mbili. Pini na tundu lake visipakwe rangi, vitiwe grisi.

6. Kata vipande vya mpira wa tyubu kuukuu, uviweke kati ya chuma na alumini ili visigusane.

7. Rudisha boneti kwa koteri pini mpya. Msumari si koteri pini! Fungua na funga mara kumi, kisha itikise boneti ikiwa imetegemezwa, bila mtu chini yake. Hakikisha pia kifungio cha mbele kinashika, maana boneti ikifunuka njiani humziba dereva macho.

Baada ya hapo, osha maji ya samaki kila baada ya safari, na utie grisi kila mwezi wakati wa mvua.

Gari likiwa la mwajiri, gharama ya fimbo na pini si ya dereva wala ya fundi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Zambia ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake. Andikeni ubovu katika daftari la gari, mpelekeeni msimamizi, na mjumbe wa chama abaki na nakala. Maneno matupu husahauliwa, maandishi hubaki.

Fimbo moja ya chuma ni bei ndogo. Mkono wa mfanyakazi hauuzwi dukani.