Menzel na Mfalme Aliyeshindwa

Mchoro wa vita, yaani mchoro unaosimulia mapigano fulani ya kihistoria, ulikuwa katika Ujerumani ya karne ya 19 chombo cha kuwatukuza watawala, na kwa desturi mtawala aliwekwa mbele, juu ya farasi, huku adui akitimua mbio. Adolph Menzel (1815–1905), mzaliwa wa Breslau aliyefanyia kazi Berlin, aliikiuka desturi hiyo katika turubai lenye upana wa karibu mita nne, alilolikamilisha mwaka 1856, linalomwonyesha Mfalme Friedrich wa Pili wa Prussia katika mapigano ya Hochkirch.

Hochkirch haukuwa ushindi. Alfajiri ya tarehe 14 Oktoba 1758, wakati wa Vita vya Miaka Saba, majeshi ya Austria chini ya Jemadari Daun yaliivamia kambi ya Prussia katika kijiji hicho cha Saxony kungali giza, na kati ya askari wa Prussia wapatao 30,000, takriban 9,000 waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa. Saa hiyo ya fedheha ndiyo aliyoichagua Menzel: askari wa kawaida wamejaa sehemu ya mbele, wakifyatua bunduki kuelekea kwenye moshi unaomficha adui, ilhali mfalme yuko nyuma yao, mdogo kuliko alivyotarajiwa, akimulikwa na mwanga wa moto. Ajabu ni kwamba aliyeununua mchoro huo alikuwa mfalme wa Prussia wa wakati huo, Friedrich Wilhelm wa Nne.

Menzel, ambaye awali alikuwa ametoa michoro takriban 400 kwa ajili ya kitabu cha Franz Kugler kuhusu maisha ya Friedrich, aliyajua mavazi ya kijeshi ya karne ya 18 hadi vifungo vyake, lakini vita vyenyewe alikuwa hajaviona. Aliona matokeo yake mwaka 1866, aliposafiri hadi Bohemia baada ya mapigano ya Königgrätz, akachora kwa penseli na rangi za maji majeruhi, na maiti za askari zilizolazwa juu ya majani makavu. Baada ya hapo hakuchora tena mchoro mkubwa wa mapigano, na ule unaohusu Leuthen, mapigano mengine ya Friedrich, aliokuwa ameuacha njiani miaka michache kabla, haukumalizwa kamwe.

Turubai la Hochkirch lilipotea mwaka 1945, Vita Kuu ya Pili ilipokuwa inamalizika, na moto ule uliomulika uso wa mfalme sasa unaonekana katika nakala tu.