Fidia kwa Aliyeumia Kazini ni Haki, Wala Si Sadaka



Katika kuwatembelea waamini wa vigango vilivyoko chini ya safu ya milima ya Uluguru, nilimkuta kijana mmoja, baba wa watoto wawili, akiwa ameketi mlangoni mwa nyumba yake, mkono wa kuume umefungwa kitambaa. Mashine ilikuwa imemkata vidole viwili akiwa kibarua wa msimu mjini Morogoro. Tangu siku ile ilikwisha kupita miezi minane. Mwajiri wake alimlipia matibabu ya awali, akampa shilingi elfu hamsini za pole, na kijana akarudi nyumbani akishukuru. “Padre,” aliniambia, “yule ni mtu mwema. Ningedai nini zaidi, nami si mwajiriwa wa kudumu?”

Wapendwa, shukrani ni fadhila. Lakini hapa kijana wetu alishukuru kwa sadaka, asijue kwamba alikuwa na haki.

Katika Tanzania Bara ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, nayo ndiyo iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, maarufu kama WCF, ulioanza kazi mwaka 2015. Sheria iliyotangulia ilirithiwa kutoka enzi ya ukoloni. Kiwango chake cha juu cha fidia kilikuwa shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu na shilingi 83,000 kwa kifo. Fedha hiyo haikutosha hata kuihifadhi familia kwa muhula mmoja wa shule.

Leo mambo ni tofauti. Kila mwajiri, wa umma au wa binafsi, anapaswa kujisajili na kuuchangia Mfuko kwa kadiri ya mishahara anayolipa. Mchango huo ni wa mwajiri peke yake; si halali kumkata mfanyakazi hata senti moja. Anayeumia au kuugua kwa sababu ya kazi hulipwa bila kulazimika kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Na haki hii si ya wenye ajira ya kudumu tu. Kibarua wa msimu naye ni mfanyakazi.

Mafao yenyewe ni haya: gharama za matibabu, asilimia 70 ya mshahara kwa asiyeweza kufanya kazi kwa muda, hadi miezi 24, malipo ya mkupuo kwa mwenye ulemavu wa kudumu wa kiwango kidogo, au pensheni ya kila mwezi pale ulemavu unapozidi asilimia 30, huduma za utengemao, na mtu akifariki, msaada wa mazishi pamoja na pensheni kwa mjane au mgane na watoto.

Hata hivyo, haki hii ina muda wake. Aliyeumia amjulishe mwajiri mapema, naye mwajiri autaarifu Mfuko ndani ya siku saba tangu kupata habari ya ajali. Madai yawasilishwe kabla ya kutimia miezi 12. Kwa hiyo tunzeni cheti cha hospitali, majina ya mashahidi na uthibitisho wowote wa malipo ya ujira. Mficha maradhi, kifo humuumbua; na mwenye kuficha jeraha la kazini huwanyima watoto wake mkate.

Ndugu zetu wa Mgeta au Matombo wanaolima mashamba yao wenyewe hawamo katika mpango huu, kwa kuwa hawana mwajiri. Lakini yeyote anayewaajiri wengine, awe mwenye shamba au mwenye karakana, amo.

Nasi Kanisa tusijitoe. Mlinzi wa parokia, mpishi wa masista, dereva na mwalimu wa shule yetu ni wafanyakazi. Parokia isiyowasajili haiwezi kuhubiri haki kwa sauti kamili. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, chamwagiza aliyemjeruhi mwenzake katika ugomvi kulipia muda uliopotea na uponyaji wake. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba huduma ya afya, hasa mtu aumiapo kazini, imfikie mfanyakazi kwa gharama nafuu au bila malipo. Huruma hukamilisha haki, haiwezi kuichukua nafasi yake.

Yule kijana alikuwa na miezi minne iliyosalia. Tulitafuta cheti chake, tukampata mwenzake aliyeshuhudia, na katekista akamsindikiza kupeleka madai. Majibu bado tunayangoja. Lakini je, ni wangapi katika jumuiya zetu ndogo ndogo ambao miezi yao inakwisha kimyakimya? Jumuiya inapokutana juma hili, baada ya kusali, ulizeni: kati yetu, nani ameumia kazini?