Roboti yaweza kumlisha mzazi, lakini heshima ataitoa nani?

MFANYABIASHARA wa Afrika Mashariki anayefika Guangzhou kununua mzigo anaweza kugongewa mlango wa hoteli na roboti iliyomletea maji. Anachukua chupa, anafunga mlango. Hakuna salamu wala ahsante, na roboti haiwezi kununa.

Kwa wafuasi wa Confucius, suala ni mtu anayezoea kuhudumiwa hivyo. Confucius alizaliwa Qufu, mkoani Shandong, mwaka 551 kabla ya Kristo. Alifundisha kuwa utu, ambao Wachina huuita ren, hujengwa kidogo kidogo kwa li, yaani adabu na taratibu: kusalimia, kumpisha mkubwa, kupokea mgeni, kuzika. Anayezitimiza kwa moyo, siku baada ya siku, tabia humwingia. Anayeziacha, humtoka.

China inalipima fundisho hilo kwa wazee wake. Mwisho wa 2024, wenye umri wa miaka 60 na zaidi walikuwa milioni 310, asilimia 22 ya watu wote. Sera ya mtoto mmoja, iliyokoma 2015, imewaacha mume na mke wengi wakiwaangalia wazazi wanne bila ndugu wa kusaidiana nao. Tangu Julai 2013, sheria inawataka watoto wanaoishi mbali wawatembelee wazazi wao au kuwajulia hali mara kwa mara. Viwanda navyo vinatengeneza roboti za kumkumbusha mzee dawa, kuzungumza naye na kumsaidia kutembea.

Confucius aliwakosoa watu wa zama zake waliodhani kumpa mzazi chakula kunatosha, maana hata wanyama hulishwa. Alichotaka ni heshima. Kwa kipimo hicho, roboti inaweza kupunguza uchovu wa mtoto, lakini haiwezi kumtimizia wajibu wake.

Wanafalsafa wa leo wanaligeuza jambo hili pande zote. Shannon Vallor, ambaye kitabu chake cha 2016 kinamtumia Confucius pamoja na Aristotle na mafundisho ya Kibudha, ameonya kuwa kuuguza na kulea ni shule ya subira na huruma. Anayeiachia mashine kazi yote hukosa shule hiyo. Qin Zhu na wenzake wana tumaini zaidi: wanaona roboti inayokataa agizo ovu na kumkemea aliyelitoa inaweza kumsaidia mtu kurekebisha mwenendo wake, kama afanyavyo rafiki mwema.

Mfano wa karibu kwa wafanyabiashara uko Yiwu. Katika soko lake kubwa la jumla, wenye maduka wameanza kutumia programu zinazotengeneza video ambamo sura ya muuzaji huzungumza lugha asiyoijua. Bei inaeleweka upesi na mkalimani halipwi. Lakini anayetoa mali kauli, awe Kariakoo, Kampala au Bujumbura, huangalia mambo mengine: mteja alivyosalimia, alivyopiga simu malipo yalipochelewa, alivyokuja msibani. Hayo ndiyo Confucius aliyaita li, na kwa mafundisho yake humjenga yule anayeyafanya mwenyewe.

Basi programu na ijibu maswali ya bei usiku wa manane. Deni likichelewa, simu ya kuomba siku mbili zaidi ipigwe na mdaiwa mwenyewe.