Tulipotaka Kuleta Ziwa Nyumbani

Sisi tukaao Uvira hatukosi kuwaona samaki. Asubuhi twaamshwa na sauti za akina mama wauzao ndagala. Jioni twaziona taa za wavuvi zikianza kuwaka juu ya maji. Samaki twamjua akianikwa juani, twamjua kikapuni, twamjua zaidi sana sahanini. Lakini samaki aliye hai nyumbani kwake, ajengaye, aleaye watoto, agombanaye na jirani yake, huyo hatukumjua hata kidogo. Tulizaliwa kando ya ziwa, kumbe tulikuwa wageni wake.

Leo twapenda kuwasimulia jinsi sisi, baba na wana wawili wa shule, tulivyotia samaki katika sanduku la vioo, lile liitwalo akwariamu. Na jinsi sanduku lile lilivyokaribia kutunasa sisi wenyewe.

Mwanzo wa mambo

Ilikuwa baada ya Pasaka. Jirani mmoja aliyekuwa akihama alituuzia sanduku lake kwa bei ndogo. Urefu wake ulikuwa sentimita 80, upana 30, kimo 40. Tulitaka kuliweka juu ya meza ya vitabu. Mwana wetu mkubwa akachukua kalamu, akapiga hesabu: sanduku hili laingia maji karibu lita 96, na lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, tukiongeza mchanga na mawe, twapita kilo 100. Meza ile isingeweza. Basi tukapanga matofali imara, tukalaza ubao juu yake. Hesabu ya shule iliokoa vioo vyetu.

Siku ile ile tulishuka ziwani, tukachota maji, tukaosha mchanga, tukachagua mawe. Kesho yake mvuvi rafiki yetu alitusaidia kukamata samaki wadogo 12 kwa wavu wa mkono. Furaha iliyoje! Tuliwalisha asubuhi, tukawalisha mchana, tukawalisha jioni, maana kila mmoja wetu alitaka waje kwake. Siku ya tatu samaki walipanda juu wakihemahema. Siku ya tano alibaki mmoja. Siku ya sita tulimzika naye chini ya mgomba, na wana wetu hawakutaka kula.

Sumu isiyoonekana

Tulimwendea mwalimu mmoja afundishaye elimu ya viumbe, tukamwuliza: «Mwalimu, maji yalikuwa safi kama kioo, tena ni maji ya ziwa lao wenyewe. Nani aliyewaua?»

Akatujibu kwa upole: «Ni ninyi, ndugu zangu, kwa mapenzi yenu.» Kisha akatufafanulia. Taka za samaki na chakula kilichobaki huoza, na katika kuoza hutoa sumu iitwayo amonia. Ziwani sumu hiyo hutawanyika katika maji mengi yasiyopimika. Tena kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho, yaani bakteria, vifanyavyo kazi ya usafi usiku na mchana. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu bado. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haidhuru sana ikiwa kidogo, nasi twaiondoa kwa kubadili sehemu ya maji. Katika sanduku jipya vijidudu hivyo ni haba mno. Huhitaji majuma manne hata sita kuongezeka juu ya mawe, mchangani na ndani ya chujio.

«Tena,» akasema, «maji ya Tanganyika si kama maji ya mto. Kipimo chake cha pH hukaribia 9, na katika maji ya namna hiyo amonia huwa kali zaidi. Ninyi mlitaka kufuga samaki. Afugaye samaki hufuga maji kwanza.»

Neno hilo tuliliandika kwa chaki ukutani, juu ya sanduku. Kwa majuma sita tulitunza maji yasiyo na samaki. Kila siku tulidondosha chembe chache za chakula ili zioze na kuvilisha vijidudu vile. Majirani walipita dirishani wakacheka: «Tazama watu walishao maji!» Nasi tulicheka pamoja nao, lakini hatukuacha. Kweli, subira huvuta heri.

Samaki wenye malezi

Majuma sita yalipotimia tulirudi ziwani, tukachukua samaki wanane tu, wa namna mbili. Hapo ndipo macho yetu yalipofunguka.

Namna ya kwanza ni wale wadogo wakaao ndani ya maganda matupu ya konokono wa ziwa. Samaki huyu hapiti urefu wa kidole. Huchimba mchanga kwa kinywa chake, akaligeuza ganda, akalifukia hata ubaki mlango peke yake. Jike hutaga mayai humo ndani, naye dume hulinda. Tulipotia mkono majini ili tusafishe, mlinzi yule mdogo alitujia kwa hasira na kutuuma kidole, sisi tulio wakubwa kama mlima mbele yake!

Namna ya pili wana mapezi marefu kama pindo la kanzu. Wenye elimu huwaita Neolamprologus brichardi. Kwao vijana waliokwisha kukua kidogo hawaondoki upesi. Hukaa karibu na wazazi, husafisha mayai ya wadogo zao, huwafukuza maadui. Mama mwenye nyumba alipoambiwa habari hiyo aliwatazama wana wetu, akasema: «Je, mmesikia?» Hawakujibu, lakini jioni ile vyombo vilioshwa bila kuagizwa.

Tanganyika ni ziwa la pili duniani kwa kina, mita 1470. Baikal peke yake, katika nchi ya Urusi, lalipita. Katika jamaa moja tu ya samaki, jamaa ya sikilidi, lina namna zaidi ya 200, na karibu zote hazipatikani po pote pengine duniani. Mbelgiji Max Poll alikuwa miongoni mwa wataalamu waliolichunguza ziwa letu katika miaka ya 1946 na 1947. Pierre Brichard, Mbelgiji pia, ambaye jina lake limo katika jina la samaki wetu, alipeleka samaki hai kutoka Burundi hata nchi za ng'ambo. Kwa hiyo wako watu wa Ulaya na Marekani, ambao hawajakanyaga pwani yetu, wawajuao samaki hawa kwa majina. Sisi twawapita tukienda sokoni.

Tamaa haina chujio

Laiti tungeishia hapo! Sanduku moja lilizaa la pili, kwa kuwa samaki wa maganda walihitaji nafasi yao. La pili lilizaa la tatu, kwa kuwa mchongaji mmoja alitupatia vioo vilivyobaki. La nne hatukumbuki lilikuja kwa sababu gani. Rafiki aliyetoka safari akatuletea samaki wawili wa dhahabu, wale ambao Wachina waliwafuga tangu karne nyingi. Tukaanza kuzungumza juu ya samaki mezani, njiani, hata mlangoni mwa kanisa baada ya Misa. Wakati wa Rozari ya jioni midomo yetu ilimsalimu Maria, lakini macho yetu yalikuwa kwenye vioo.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Mwaka 1832 Mfaransa Jeanne Villepreux-Power, aliyekaa Sicilia, alitengeneza masanduku ya vioo ili achunguze wanyama wa bahari walio hai. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse alitoa kitabu chake juu ya jambo hilo. Ndipo watu wengi wa Uingereza walipowaka tamaa. Wakamiminika pwani na ndoo, wakakusanya. Mwaka 1907 Edmund, mwana wa Gosse, aliandika kwa masikitiko kwamba vidimbwi vya miambani, vilivyokuwa na uzuri mwingi, vilikwisha kuharibiwa na wakusanyaji hao. Baba aliwafundisha watu kupenda. Hakukuwa na wa kuwafundisha kiasi.

Nasi tulifikia mahali pa aibu. Mwezi wa Agosti tulinunua pampu mbili za hewa. Fedha zilitoka katika bahasha ambamo mama alikuwa ameweka akiba ya sare ya binti yetu mdogo, aliyekuwa ataanza darasa la kwanza mwezi wa Septemba. Tulijiambia: tutazirudisha kabla ya siku.

Usiku mmoja wa juma lile umeme ulikatika. Pampu zikanyamaza. Tuliruka kitandani, baba na wana, tukashika vikombe, tukachota maji na kuyamwaga tena kutoka juu ili yapate hewa. Tulifanya hivyo saa baada ya saa kwa mwanga wa taa ndogo. Kulipokaribia kucha tulisikia mlango ukifunguliwa. Mama alisimama pale na binti yetu mgongoni, akimrudisha kutoka zahanati. Mtoto alikuwa amewaka homa tangu usiku wa manane. Mama alituita mara mbili, nasi tulijibu: «Tunakuja,» bila kugeuza kichwa.

Hakupiga kelele. Alisema: «Baba, samaki wanao watu watatu wa kukesha nao. Huyu alikuwa na mmoja. Nayo bahasha nimeiona.»

Kutawala ni nini?

Binti yetu alipona, Mungu asifiwe. Lakini neno lile halikututoka. Tulikwenda kwa Padri, tukamweleza yote, tukidhani atatuamuru tuvivunje vioo. Hakutuamuru hivyo. Alitukumbusha kwamba katika Kitabu cha Mwanzo Mungu aliumba samaki siku ya tano, kisha akamkabidhi mtu utawala juu yao. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba utawala huo si ruhusa ya kupora, bali ni kazi ya kulima na kutunza. «Lakini,» akasema Padri, «mtu atatawalaje samaki, naye ametawaliwa nao?»

Juma lile tuliuza masanduku mawili na pampu moja. Bahasha ikajaa tena, na sare ikanunuliwa kabla ya Septemba. Yalibaki masanduku mawili: moja la samaki wetu wa ziwa, moja la wale wawili wa dhahabu. Mwana wetu mdogo alipendekeza tuwaachilie hao wa dhahabu ziwani, wapate uhuru. Tulimkataza, tukampa sababu. Katika miaka ya 1950 sangara wa mto Nili walitiwa katika ziwa Viktoria, ambamo hawakuwamo. Walikua, wakaongezeka, wakawala samaki wadogo wa pale, na namna nyingi zilitoweka zisionekane tena. Samaki mgeni hutupwa mara moja; kumtoa haiwezekani. Basi wawili wale watabaki kwetu mpaka mwisho wao, kama wageni waheshimiwa.

Kwa wenye kutaka kuanza

Wako wanafunzi watakaosoma haya na kutamani. Hatuwazuii. Anzeni na sanduku moja, tena liwe kubwa kidogo, maana maji mengi hayageuki upesi kama machache. Ngojeni majuma sita. Toeni chakula kidogo, kiasi cha kuliwa chote kwa dakika mbili. Badilini sehemu ya maji kila juma. Na yakiwa maji ya bomba yenye klorini, yaacheni ndooni siku nzima wazi kabla ya kuyatia. Msichukue ziwani kuliko mnavyoweza kutunza, wala msitupe ziwani kisichotoka humo. Na kabla ya kununua cho chote, mwulizeni mama wa nyumba bahasha ile ni ya nini.

Neno moja la mwisho. Tangu siku zile twafunika vioo kwa kitambaa wakati wa sala, na zamu ya kulisha ni ya mtu mmoja mmoja. Jumapili iliyopita ilikuwa zamu ya binti yetu. Alirudi polepole, kidole mdomoni, akatuita kwa sauti ya chini ili asiwashtue. Tulimfuata. Mlangoni mwa ganda moja, katika mchanga, vilielea vitoto vidogo kama punje za mtama, na baba yao akizunguka mbele yao.

Sisi tuliotazama miezi mitano tulikuwa hatujawaona. Mama naye aliitwa, akaja na kiti chake, akakaa. Siku ile tulitazama sote.